King'ora cha Pili

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bwana Saa, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha nguo, na pamoja na kazi ya kulisha moto na kuchunga mvuke, alikabidhiwa mnyororo wa king'ora. Kila asubuhi alipanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa la chumba cha boila, akasimama kando ya bomba, akauvuta. King'ora cha kwanza kiliwaambia watu watoke majumbani. Cha pili kililifunga geti. Kati ya hivyo viwili mtaa wote ulikuwa mbioni: akina mama wanafunga vitambaa vya kichwa huku wanatembea, wanaume wanamalizia chai barabarani, watoto wanasukumiwa majirani.

Geti likishafungwa, limefungwa. Mlinzi hakuwa na maneno mengi. Umbembeleze, umlilie, umwambie mtoto anaumwa, jibu lake lilikuwa lile lile: "Kesho." Waliofungiwa nje walikwenda kuketi chini ya ukuta, karibu na mtaro, wakingoja kama msimamizi atapungukiwa na mikono huko ndani awaite. Mara nyingi hakuita. Waliketi tu, kwa sababu kurudi nyumbani asubuhi mikono mitupu kulihitaji moyo ambao wengi hawakuwa nao.

Bwana Saa hakuwahi kukosea, hilo tumpe. Mvua inyeshe, awe na homa, awe na msiba, mnyororo ulivutwa kwa wakati wake. Wenzake walimtania kwamba mkewe akitaka hata kupiga chafya lazima aombe ruhusa ya king'ora kwanza. Yeye alicheka, kichwa kikimvimba. Kuna watu wanaotaka kupendwa na kuna wanaotaka kuogopwa. Huyu alitaka kuaminiwa, na aliamini kwamba mtu wa kuaminiwa hana ndugu wala mke pindi anapokuwa kazini.

Mke alikuwa naye, tena humo humo kiwandani. Alikuwa mfumaji katika ukumbi mkubwa ambamo mashine ziliunguruma kiasi kwamba ungepiga kelele sikioni mwa jirani yako asikusikie. Wafumaji walizoea kusomana midomo. Walipiga umbea, wakagombana, wakapatana, yote kwa midomo na vidole, huku vumbi la pamba likiwatua kwenye nyusi. Miaka ikala masikio yao. Nje ya kiwanda uliwatambua kwa sauti: walizungumza kwa kupayuka hata walipokuwa wanakunong'oneza siri.

Sasa kuna siku moja ambayo lazima niiseme, hata kama yeye mwenyewe hakupenda isemwe. Mkewe alikuwa na mimba ya pili, tumbo limeshashuka, na mtoto wao wa kwanza, wa kike, alikuwa amekesha na homa. Mama akachelewa kutoka. Kule juu ya paa Bwana Saa alimwona akitokeza kwenye kona ya ukuta, anakimbia, mkono mmoja ameushika chini ya tumbo kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Alimwona vizuri. Jua lilikuwa limeshatoka na barabara ilikuwa tupu, hapakuwa na mwingine wa kumfananisha naye. Angengoja pumzi chache tu, mke angeingia. Lakini uwanjani msimamizi alikuwa amesimama anatazama juu, na Bwana Saa akawaza jinsi watakavyosema kwamba siku hizi king'ora kinamngoja mkewe. Akavuta.

Geti lilifungwa usoni pa mkewe. Aligonga, akaomba, akaambiwa kesho. Akaenda kuketi chini ya ukuta pamoja na wenzake, na pale pale uchungu ukamshika kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa wa kiume, na alizaliwa akiwa maiti. Bwana Saa aliporudi jioni alikuta majirani wamejaa mlangoni wanamtazama miguu, hakuna aliyemtazama usoni.

Alijua atasemwa. Alijiandaa na majibu yote: sheria ni sheria, msimamizi alikuwa pale, angefukuzwa wangekula nini. Mkewe hakumuuliza lolote. Alipopata nguvu alirudi kwenye mashine yake, na jambo lile hakulitaja tena, si kwa hasira wala kwa machozi. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na Bwana Saa akauchukua ukimya ule akauita msamaha. Majibu yake akayaweka, hakuyahitaji.

Baadaye kiwanda nacho kikafa, polepole, kama wanavyokufa wazee wasio na mtu wa kuwapeleka hospitali. Kwanza zamu moja ilikatwa, halafu mishahara ikasuasua, halafu wenye mali wakafunga virago. Mashine ziling'olewa zikauzwa kama vyuma chakavu. Mbuzi wakaingia, popo wakaingia, na wezi wa mabati wakafuata. Bwana Saa alipita pale kila alipokwenda dukani, akatazama paa la chumba cha boila, akatema mate kando. Hakuwa na kazi tena, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumwuliza saa ngapi.

Mkewe naye akaanza kusahau. Alipoteza majina, kisha njia, kisha miaka. Kuna siku alimtambua mumewe, na kuna siku alimdhani ni fundi aliyekuja kuziba paa. "Fundi," alimpayukia, "ukimaliza utoke, mume wangu hapendi kukuta mwanamume ndani." Mara ya kwanza Bwana Saa alicheka hadi machozi yakamtoka, akaenda kuwahadithia wenzake. Siku za mbele hakuhadithia tena.

Asubuhi nyingi mkewe alifunga kitambaa cha kichwa kama wafumaji walivyofunga, nywele zote ndani zisije zikanaswa na mashine, akaketi kitandani miguu chini.

"Bado hakijalia?" aliuliza, akimwangalia mdomo.

"Bado," mumewe alimjibu.

"Haya."

Akatulia. Maadamu king'ora hakijalia, yeye hajachelewa, na aliweza kuketi hivyo hadi mchana, mikono mapajani, hana wasiwasi wa kitu chochote duniani. Binti yao, ambaye sasa ni mshonaji na ana watoto wake, alisema hiyo ndiyo amani pekee aliyobakiwa nayo mama, na wasimwondolee.

Ndipo wakaja wale vijana wa sanaa. Waliongozwa na dada mmoja mwembamba aliyeitwa Mratibu, mwenye sauti ya taratibu na bidii ya mchwa. Walifukuza mbuzi na popo, wakazoa samadi, wakaziba paa. Ukumbi wa mashine wakaufanya ukumbi wa maigizo. Chumba cha rangi, ambacho kuta zake zilikuwa na madoa ya bluu na nyekundu yasiyofutika, wakawapa wachoraji. Ghala la pamba wakawaachia wapiga ngoma, ambao hawakulala. Bwana Saa aliwachukia kwa moyo wake wote kwa muda wa kutosha. Alisimama getini mikono nyuma, akisema kwa sauti kwamba mahali pa kazi pamegeuzwa mahali pa kurukaruka.

Siku moja Mratibu akamfuata nyumbani, akamwamkia kwa adabu, akaketi kwenye kigoda.

"Mzee wangu, tunafungua jumba la sanaa," alisema. "Tunataka tuanze na igizo fupi pale getini, asubuhi ya kiwanda ilivyokuwa. King'ora cha kwanza, watu wanakuja. Cha pili, geti linafungwa. Kisha tunalifungua upya kwa ngoma, na wageni wote wanaingia. King'ora tumekikuta juu ya paa, kimeshika kutu lakini ni kizima. Tunaambiwa hakuna aliyewahi kukivuta ila wewe."

Mzee alitaka kukataa, hata mdomo alishaukunja. Lakini ni nani aliyewahi kuketi kwenye kigoda chake akamwambia hivyo tangu kiwanda kife? Akajikuta ameshasema, "Mvuke mtautoa wapi?"

"Kuna fundi wa magari atatuletea kompresa. Anasema hewa itatosha."

"Haitatosha," alisema Bwana Saa, na akakosea, kwa sababu ilitosha sana.

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu. Alikwenda jumbani kila siku, akawafundisha waigizaji namna ya kutembea kwa haraka bila kukimbia, na kaka mmoja mrefu, aliyepewa nafasi ya mlinzi, mzee akamfundisha kusimama. "Usieleze. Usibishane," alimwambia. "Akulilie, akupigie magoti, wewe sema kesho. Basi. Ukisema neno la pili umeshindwa." Yule kaka akarudia, "Kesho," na Bwana Saa akamrekebisha, "Usimtazame machoni," na akarudia tena hadi ikamkaa. Wenzake wacheshi wakawa wanamjibu mlinzi kwa kumpigia magoti, na kila mtu alicheka, mzee akicheka kuliko wote.

Binti yake alipopata habari alikuja mbio, sindano bado imechomekwa begani.

"Baba, mama akiisikia ile sauti atatoka."

"Mama yako hasikii hata radio ikiwekwa mapajani."

"Ile ataisikia. Ile haijaingia masikioni mwake tu, baba. Unajua hivyo."

"Nivute mara mbili tu, mwanangu. Mara mbili, yamekwisha."

Binti alimtazama. Alikuwa mtoto mwenye homa siku ile, na alikua akisikia majirani wananong'ona, kwa hiyo alijua zaidi ya alivyoonyesha. "Basi umlete kwangu siku hiyo," alisema. "Kwangu ni mbali, sauti haifiki. Mlete mapema, nitakuwa naye. Niahidi, baba."

Akaahidi. Na hakuwa anadanganya, alikusudia kabisa.

Siku yenyewe ilipofika, alimwogesha mkewe, akamvalisha, akamfunga viatu. Lakini mkewe hakutaka kutoka. Aliketi kitandani na kitambaa chake kichwani, akauliza kama kimelia, akaambiwa bado, akasema sasa huku kwenda kunatoka wapi. Mzee akambembeleza, akamvuta mkono, akasukumwa. Kule upande wa kiwanda ngoma zilikuwa zimeanza kupashwa moto. Kwenda kwa binti na kurudi, kwa mwendo wa mama yule, kungemfikisha jumbani watu wameshaketi. Atasemwaje? Bwana Saa amechelewa kukivuta king'ora. Akamwita jirani, mama mmoja mwema wa nyumba ya pili, akamwomba amtupie jicho mgonjwa.

"Nenda baba, usijali," jirani alisema.

Akaenda. Alifunga mlango kwa komeo la nje, akalifungua tena kwa aibu, akaurudishia tu. Na yule jirani mwema alikaa naye kidogo, akaona bibi ametulia kama maji mtungini, akajiambia atachungulia sherehe mara moja arudi. Mtaa mzima ulikuwa huko, angebakije peke yake?

Wageni walijazana nje ya geti hadi barabarani. Bwana Saa alipanda ngazi ya chuma, magoti yakimlalamikia kila kipago, akafika juu, akauona mji wake kama zamani. Kompresa ilinguruma chini. Mratibu alisimama uwanjani na kitambaa chekundu mkononi: akikiinua mara ya kwanza, king'ora cha kwanza, mara ya pili, cha pili. Kitambaa kikainuka. Mzee akavuta.

Sauti ilitoka na kutu, ikakohoa, halafu ikajaa anga lote. Wazee waliokuwa kwenye umati walishtuka, wengine wakashika vifua, mwanamke mmoja akaanza kulia bila kujijua. Bwana Saa aliusikia mnyororo ukitetemeka hadi kwenye mbavu zake. Kwa muda ule alikuwa kijana, ana kazi, na watu wanamngoja. Sina haja ya kumficha, alifurahi mno.

Waigizaji wakaanza kuja, wanafunga vitambaa, wanamalizia chai kwenye vikombe vitupu. Wakapita getini mmoja mmoja, watu wanashangilia. Mzee aliwahesabu kwa macho ya kiungwana, kama mwenye mali. Ndipo akaona kwenye kona ya ukuta mwingine anakuja nyuma yao, na akashangaa, maana wote walishaingia.

Huyu alikuwa peku. Viatu alivyofungwa asubuhi havikuwepo, na kitambaa kilikuwa kimefungwa sawasawa, nywele zote ndani. Alikimbia mbio za kizee, za kuyumba, mdomo wazi. Mkono mmoja ulikuwa chini ya tumbo, umelishikilia, na hapakuwa na tumbo la kushikilia.

Mzee aliuona mkono ule na akajua ni siku gani mkewe anakimbia ndani yake.

Chini, Mratibu aliinua kitambaa mara ya pili. Bwana Saa aliuachia mnyororo kama uliomuunguza. Mratibu akapunga tena, akatabasamu, akidhani mzee amesinzia au hakuona. Mzee akatikisa kichwa. Akainua mikono yote miwili juu, akapiga kelele, "Ngojeni! Msifunge! Ngojeni!" lakini kompresa ilikuwa inanguruma na watu wanashangilia, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikichelewesha king'ora cha pili. Na yule kaka mrefu mwenye sare ya mlinzi, kijana makini aliyefundishwa na mwalimu mkali, alikuwa ameangalia kitambaa badala ya kungoja sauti. Akalisukuma geti, likafunga.

Mke wa Bwana Saa alifika, akajibwaga juu ya vyuma kwa viganja vyote viwili.

"Nifungulie, kaka!" alisema. Alikuwa mfumaji, na sauti ya wafumaji ilipanda hadi juu ya paa bila shida. "Sijachelewa, hakijalia cha pili! Mtoto anaumwa nyumbani!"

Yule kaka alimtazama. Aliona bibi mwenye kitambaa cha kiwandani, akadhani ni mmoja wa wastaafu walioalikwa, amepandwa na mori ya kuigiza. Hakutaka kumvunja. Akaangalia juu ya kichwa chake, asimtazame machoni.

"Kesho," akasema.

Watu wakaangua kicheko.

"Kaka yangu, nakuomba. Mimi ni mjamzito, nione."

"Kesho."

Wakacheka zaidi, maana alikuwa bibi wa miaka yake. Wengine wakatoa simu wapige picha. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu mama anawazidi waigizaji wote.

"Mwambie yule wa king'ora aningoje," mkewe akasema, akinyoosha kidole juu. "Mwambie kidogo tu. Ni mume wangu yule."

Hapo ndipo makofi yalipolipuka. Umati mzima ulipiga makofi, wakapiga miluzi, na wapiga ngoma, wakidhani hiyo ndiyo ishara yao, wakaanza. Geti likafunguliwa mabawa yote mawili. Wageni wakamiminika ndani wakicheza, wakimpita kushoto na kulia, na mwanamke mmoja alimpigapiga begani kumpongeza. Yeye hakuingia. Alishaambiwa. Aligeuka, akaenda taratibu hadi chini ya ukuta, karibu na mtaro, mahali walipokuwa wanaketi waliofungiwa, akaketi.

Bwana Saa aliteremka ngazi asijue ameteremkaje. Alipita katikati ya watu waliotaka kumshika mkono. Alipofika nje barabara ilikuwa imebaki na vumbi na vikombe vya karatasi, na mkewe peke yake chini ya ukuta, miguu inavuja damu vidoleni. Alichuchumaa mbele yake ili auone mdomo wake.

Mkewe alimwangalia kwa huruma ambayo mtu huwapa wageni.

"Na wewe umefungiwa?" aliuliza.

"Nimefungiwa."

Akajisogeza kidogo, akampa nafasi. Bwana Saa akaketi. Kule ndani ngoma zilikuwa zimepamba moto na mtu alikuwa anawakaribisha wageni kwenye kipaza sauti. Mkewe alikuwa anajipapasa tumbo taratibu, akilituliza.

"Yule pale juu ni mume wangu," alisema, kwa sauti yake ya kupayuka. "Watu watasema sana leo. Watasema amemfungia mkewe. Mimi sitamwambia kitu, asije akaumia bure. Hakuniona. Angeniona angeningoja."

Mzee aligeuka. Majibu yote aliyoyaweka tangu zamani, sheria, msimamizi, chakula cha watoto, aliyatafuta kinywani asiyapate hata moja. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, akauelekeza uso wake kwake, asije akakosa kusoma.

"Alikuona," alisema.

Mkewe aliusoma mdomo ule. Akautoa mkono wake kidevuni, bila hasira, akatikisa kichwa kwa mgeni huyu asiyejua anachosema.

"Wewe humjui," akasema. "Mimi ndiye ninayemjua."